Somo wa Bibi Josephina

Theodora alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, tumbo mbele, anatafuna udongo wa wajawazito, habari ilipomfikia kwamba Paulina amejifungua salama, mtoto wa kike, na jina ameshapewa: Josephina. Udongo ukampalia. Alikohoa mpaka jirani akaja kumpiga mgongoni, na machozi yaliyomtoka kila mtu alidhani ni ya kikohozi.

Jina hilo lilikuwa lake. Ndivyo alivyoliona yeye, na ungejaribu kumbishia ungejuta. Josephina ni jina la mama mkwe wake, mama yake Ladislaus, bibi mmoja wa Kitangari kule Newala aliyezaa wanaume wawili tu na hakujaliwa binti. Theodora alikuwa ameliweka moyoni tangu mimba ina miezi mitatu. Alilitunza kama mtu anavyotunza kitenge cha sikukuu, akingoja siku ya kumwambia mama mkwe: huyu ni wewe. Sasa limechukuliwa. Na limechukuliwa na nani? Na Paulina, mke wa Kasiani, kaka mkubwa wa Ladislaus. Angelichukua mtu mwingine yeyote Masasi nzima, Theodora angevumilia.

Maana Paulina, jamani, alikuwa ameshamchosha. Kasiani na Ladislaus walikuwa mafundi seremala, wote wamejifunza kazi Ndanda, wana karakana moja pale Masasi na nyumba mbili zinazotazamana katika uwanja mmoja. Kwa hiyo Theodora alimwona Paulina asubuhi akipiga mswaki na jioni akianua nguo. Paulina alikuwa mzuri wa sura, hilo la kwanza. Alikuwa na watoto wa kiume wawili wakati Theodora bado anazunguka kwa waganga na zahanati kutafuta hata mmoja, hilo la pili. Lakini lililomkata maini hasa ni lugha. Paulina ni Mmakonde wa Newala kama mama mkwe. Bibi akija Masasi kuwatembelea, wanakaa kwenye mkeka yeye na Paulina, wanaongea Kimakonde chao, wanacheka mpaka wanajifuta machozi kwa khanga. Theodora, Mmakua wa hapo hapo Masasi, anabaki na sinia la chai mkononi, anatabasamu kama mtu aliyeingia kwenye msiba usio wake. Kila walipocheka alijua wanamcheka yeye. Pengine walikuwa wanaongea habari za mbuzi.

Siku tisa baadaye na yeye akajifungua, mtoto wa kike. Ladislaus, mtu wa watu, mpole mpaka anaudhi, akapendekeza Flora. Akasema Flora ni jina zuri, tena la mama yake Theodora. Theodora alikuwa bado hajaweza hata kuketi sawasawa, lakini alimtazama mumewe kwa jicho ambalo Ladislaus hajalisahau mpaka leo, akamgeukia muuguzi, akasema aandike Josephina.

Basi ikawa familia moja, uwanja mmoja, Josephina wawili.

Hapo ndipo vituko vilipoanza, kwa sababu jina lenyewe halikuwahi kutulia mahali pamoja tangu hapo. Bibi alipobatizwa utotoni, padri Mjerumani alimwita Yosefina. Wanawake aliochezwa nao unyago walimwita Chosepina, na mpaka sasa wakikutana kwenye foleni ya maji hawamwiti vingine. Ndugu zake walioko ng'ambo ya Ruvuma, watu wa Mueda wenye Kireno chao, walimwita Josefina kwa sauti ya puani, na wakifupisha wanasema Zefa. Jirani yake Mzee Jumanne, Mwislamu safi, alishikilia kwamba Yosefu na Yusufu ni mtu mmoja, kwa hiyo yeye alimwita Bi Yusufa. Kwenye kadi yake ya kliniki ya macho ameandikwa Josephine. Bibi aliitikia yote. Alikuwa akisema mtu hujua anaitwa yeye kwa namna anavyotazamwa.

Mtoto wa Paulina akaitwa Zefa, kwa kuwa mama yake Paulina alikuwa na asili ya huko ng'ambo. Wengi walifurahi, maana iliondoa utata. Na wangetaka wa Theodora aitwe Fina, wote wapumzike. Thubutu! Theodora hakutaka kusikia. Watoto wenzake wakimwita Fina, mama mtu anatoka ndani na uzi wa cherehani mdomoni, anawasahihisha: Josephina. Mwalimu wa chekechea akaandika Fina kwenye daftari, Theodora akaenda shuleni kwa miguu, jua la saa saba, akasimama mpaka limefutwa. Jina zima, bila kukatwa, kama lilivyotoka kwa Bibi. Ukimuuliza limetoka kwa Bibi likiwa namna gani, Yosefina au Chosepina, anakasirika.

Na siku Bibi akija alikuwa akiwakumbatia wote wawili, anawaita wote somo wangu, anawapa wote khanga zinazolingana. Theodora alizipima khanga zile kwa futi ya cherehani. Zililingana kweli. Hata hilo lilimuuma, maana alitaka ya mwanawe izidi.

Miaka sita ikapita hivyo.

Mwaka huo korosho zilikuwa zimeshauzwa na shule zimefungwa Mjomba Nikolao alipokuja Masasi. Huyu ni mdogo wake Bibi, na kwa watu wa upande ule mjomba ndiye mwenye kauli. Alikuja kwa shughuli zake za mbao, akalala kwa Kasiani, asubuhi akaita familia zote mbili uwanjani. Akasema dada yake amechoka. Macho yamepungua nguvu na magoti ndiyo hivyo. Kabla hajaondoka duniani anataka kulikabidhi jina lake kwa somo wake, kwa mila ya nyumbani. Wampeleke Kitangari Jumamosi ya wiki inayofuata. Lakini awe somo mmoja, kwa sababu jina halikabidhiwi kwa watu wawili. Yupi, wazungumze wenyewe, yeye atapitia jioni kusikia jibu.

Miaka sita Theodora alikuwa akingoja mtu aseme maneno hayo, somo mmoja. Alimtazama Paulina haraka, akaona Paulina naye kabadilika uso, akasema moyoni, haya, leo ndiyo leo.

Aliingia ndani na mumewe na kumwaga hoja zote alizozikusanya. Zefa si jina la mama, ni jina la Wareno. Nani Kitangari aliwahi kumwita mama Zefa? Watu wa Mueda, nao wako nchi nyingine. Mtoto aliyebeba jina la mama, lile lile, ni mmoja tu, na cheti cha ubatizo kipo kwenye sanduku, kama Kasiani anataka kukiona atakiona. Ladislaus alijikuna kichwa. Akasema yote hayo anavyojua yeye ni jina moja. Theodora akamuuliza kama yuko upande wa mke wake au wa mke wa kaka yake. Ladislaus akachukua randa yake akaenda karakanani, na kuondoka kwake Theodora akakuhesabu kuwa ushindi.

Mchana Paulina akaja na bakuli la korosho za kukaanga. Theodora alikuwa kwenye cherehani anashona sketi ya mtu, hakuinua uso. Paulina akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa, akaweka bakuli chini.

"Mama Josephina," akasema, "nisikilize kama dada yako. Kwetu jina likikabidhiwa, mtoto anahamia. Anakaa kwa mwenye jina, analala kwake, anamtekea maji, mpaka Mungu awatenganishe. Mama yangu alitolewa hivyo akiwa na miaka saba. Mpaka anakufa alikuwa akimwita mama yake mzazi shangazi."

Theodora akaendelea kukanyaga cherehani. Akauliza, kama ni hivyo, mbona yeye alilikimbilia jina hilo siku tisa kabla ya mwenzake?

Paulina akasema hakulikimbilia. Kasiani ndiye aliyelitoa, yeye alikuwa amelala hajiwezi. Alipopata nguvu akaanza kumwita mtoto Zefa, ili jina lijifiche kidogo, watu wazoee, wazee wasahau. Alisema hayo kwa sauti ya chini, na macho yake yalikuwa mekundu.

Mtu mwingine angesimamisha cherehani. Mtu mwingine angeyaona macho yale. Lakini wivu wa miaka sita una masikio yake wenyewe, na masikio ya Theodora yalisikia kitu kimoja tu: Paulina anamtisha ili amwachie. Ameona anashindwa kwa haki, sasa analeta hadithi za kuhama. Alimshukuru kwa korosho kwa adabu zote, akamwambia atalifikiria. Paulina alipotoka, bakuli likabaki pale chini mpaka kuku wakalimaliza.

Lakini neno likishaingia limeingia. Wakati wa chakula Theodora alimuuliza mumewe, kama mtu anayeuliza habari za mvua, eti ni kweli kwenu mwenye kukabidhiwa jina huwa anahamia. Ladislaus akatafuna tonge lake muda mrefu. Akasema wazee walikuwa wakifanya hivyo. Siku hizi yeye hajui. Mama hajamwambia kitu. Theodora alikishika hicho cha mwisho kwa mikono miwili. Mama hajasema kitu, basi hakuna kitu.

Jioni Mjomba Nikolao akapita. Theodora alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na cheti cha ubatizo amekikunja kwenye mkoba, tayari kwa vita. Vita haikutokea. Kasiani alisema kwa kifupi kwamba mtoto wao ni Zefa, hawana dai. Paulina alikuwa akitazama chini. Theodora alisimama hata hivyo, kwa sababu hotuba ameshaiandaa na hakuwa na mahali pengine pa kuipeleka, akaeleza kwamba Zefa ni jina moja na Josephina ni jina jingine, na lililo la mama ni hili la mwanawe, na yeye kama mama mzazi analileta kwa moyo mmoja.

Mjomba Nikolao alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye katika maisha yake ameitwa Nikolausi na mapadri, Nikolau na watu wa Mueda, na Nikola na marehemu mkewe, na hajawahi kujiona ni watu watatu. Lakini kama mama mmoja hataki na mama mmoja anataka, yeye ni nani wa kubisha. Akamuuliza Theodora mara moja tu kama ana hakika. Theodora akasema ana hakika.

Jumamosi walikodi gari dogo, familia zote mbili, wakapanda kuelekea uwanda wa juu, upande wa Newala. Theodora alikuwa amekaa mbele na Josephina mapajani, gauni jeupe, viatu vyeupe vya mkanda vilivyonunuliwa sokoni siku mbili nyuma, nywele zimesukwa mpaka kichwa kinang'aa. Paulina na Zefa walikuwa nyuma, na Zefa kavaa gauni la kila siku. Theodora aligeuka mara kadhaa kulitazama gauni lile. Kila akilitazama alijisikia vizuri.

Kitangari walikuta watu wengi kuliko walivyotazamia. Wenzake Bibi wa unyago walikuwepo, Mzee Jumanne alikuwepo na kofia yake, sufuria za kunde na wali zilikuwa jikoni. Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni mwa nyumba yake, amekonda, lakini khanga zake zimepigwa pasi. Mjomba Nikolao akasimama, akauliza mbele ya watu ni nani anayelileta jina. Theodora akajibu. Mjomba akauliza mara ya pili, akauliza mara ya tatu, ndivyo mila inavyotaka, na kila mara Theodora alijibu kwa sauti kubwa zaidi. Bibi akamvuta mtoto, akamfunika kwa khanga aliyokuwa ameivaa yeye mwenyewe, akampaka unga mweupe kwenye paji la uso, akamwita majina yote. Yosefina. Chosepina. Josefina. Zefa. Josephina. Aliposikia Zefa, Theodora alishtuka kidogo, ila vigelegele vilikuwa vimeshaanza.

Kisha watu wakaja mmoja mmoja kumwamkia mwenye jina huyu mpya, maana sasa yeye na Bibi ni kitu kimoja. Kasiani, mtu mzima na mvi zake mbili tatu, akapiga magoti mbele ya mtoto wa miaka sita akasema shikamoo mama. Watu wakacheka, wakashangilia. Ladislaus akafanya hivyo hivyo, lakini yeye hakucheka. Wakamfundisha Josephina kuitikia marahaba mwanangu, na mtoto alipenda mchezo huo kupita kiasi, anawanyooshea mkono kama askofu. Ilipofika zamu ya Theodora akapiga magoti naye, akamwambia mwanawe shikamoo mama, akajibiwa marahaba. Alijisikia fahari. Watu walikuwa wakimtazama yeye, na Paulina alikuwa kule nyuma jikoni anapakua wali.

Hiyo ilikuwa saa sita. Saa tisa dereva akapiga honi, anataka kushuka kabla mvua haijashika.

Theodora aliingia ndani kutafuta nguo za mtoto za kubadilisha. Hakuzikuta kwenye mfuko. Alizikuta zimetundikwa kwenye msumari chumbani kwa Bibi, na ya kwanza ilikuwa sketi mpya ya sare, ya shule ya pale pale Kitangari. Pembeni ya kitanda cha Bibi kulikuwa na kitanda kingine kidogo, kimetandikwa shuka la maua. Theodora ni mke wa seremala. Alitazama miguu ya kitanda kile, namna ilivyochongwa, akaijua mikono iliyoichonga. Aligeuka akamwona Ladislaus amesimama mlangoni anatazama vidole vyake vya miguu.

"Mama aliniomba mwezi uliopita, kitanda cha somo yeyote atakayeletwa," akasema. "Nilishindwa kukwambia."

Alishindwa! Mwanaume mzima, anachonga kitanda cha mtoto wake wa pekee, anapiga msasa, anapiga vanishi, halafu anashindwa. Theodora alitaka kumpiga kibao, na angempiga kama Bibi asingeingia wakati ule, amejishikilia ukutani. Bibi akaketi kitandani, akamshika mkono, akamketisha karibu yake. Hakuwahi kumshika hivyo. Na safari hii alizungumza Kiswahili, polepole, akichagua maneno ili yamfikie.

"Teodola," akasema, maana hivyo ndivyo alivyoweza kulitamka, "mimi nilikuwa nakuona mtu wa mbali. Nilikosea, nisamehe. Watoto wangu mwenyewe walinifichia jina kwenye Zefa, wakadhani sijui. Sikuwalaumu, mtoto anauma. Lakini wewe Mmakua umeniletea wako wa pekee, kwa mkono wako, mbele ya watu. Mkwe wangu ni wewe."

Maneno hayo Theodora aliyangoja tangu siku ya kwanza aliyoingia katika familia ile. Yalimwingia yote, matamu. Akafungua mdomo kusema mama asante. Kilichotoka ni kwamba yeye alidhani mtoto atarudi, kwamba hakuelewa, kwamba Josephina hajawahi kulala mbali naye hata usiku mmoja.

Bibi hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Aliuachia mkono wa Theodora taratibu, akaupigapiga mara mbili.

"Basi mchukue," akasema. "Kama moyo umekataa, mchukue, mwanangu. Sina kinyongo. Unga nitaufuta, nitawaambia watu mimi mwenyewe."

Hapo Theodora angesimama. Angebeba nguo za mtoto na mfuko wake, angemshika mtoto mkono, na leo tusingekuwa na la kusimulia. Alikuwa ameshaanza kuinuka kweli. Lakini Paulina alikuwa nje ya mlango, amesikia yote, na Paulina akaingia. Alikuwa ameshika mkono wa Zefa, ameushika kwa nguvu mpaka vidole vya mtoto vimekunjamana. Alikuwa akilia bila kujificha.

"Mchukue Josephina, mdogo wangu," akasema. "Zefa atabaki na mama. Jina ni lile lile."

Bibi akainua uso kumtazama Paulina, akasema neno moja kwa Kimakonde, neno fupi. Paulina akaitikia kwa Kimakonde. Theodora hakulielewa neno lile, lakini aliuona uso wa Bibi ulivyolainika, na akaona kila kitu kitakachofuata kana kwamba kimeshatokea. Aliona watu wa nje wakiambiwa kwamba mke wa Ladislaus amerudisha maneno yake na mke wa Kasiani ameyaokota. Aliona kitanda cha mumewe kikilaliwa na Zefa. Aliona miaka na miaka ya mkeka ule, Bibi na Paulina wanacheka, na yeye na sinia lake la chai. Hata wema wa Paulina aliuonea wivu. Hasa wema wake. Angeweza kumsamehe Paulina kwa kumnyang'anya kitu, lakini si kwa kumpa.

"Hapana, mama," akasema Theodora. Sauti ilitoka kavu, haikutetemeka. "Nilikuwa nasema tu. Josephina atabaki."

Ladislaus akasema mke wangu, taratibu. Theodora hakumgeukia. Paulina akasema tena, dada, tafadhali, na hilo tafadhali ndilo lililomaliza. Theodora akarudia kwamba mtoto atabaki, jina ni la kwake, alilileta yeye. Bibi akafumba macho akamshukuru Mungu, akamwita mkwe wangu kwa mara ya pili, na safari hii Theodora hakusikia utamu wowote ndani yake.

Dereva akapiga honi tena. Theodora akatoka nje. Watu walikuwa bado wamekaa kwenye baraza, wamekula wameshiba, wanapiga soga. Josephina alikuwa amesimama kando ya gari, unga bado uko kwenye paji la uso. Mfuko wake mdogo ameutia begani, na viatu vyake vyeupe ameshavaa mwenyewe, cha kulia kushoto na cha kushoto kulia. Alimuuliza mama yake kama safari hii anaweza yeye kukaa dirishani.

Theodora akapiga magoti mbele yake, akaanza kumfungua mkanda wa kiatu. Watu wa barazani walipomwona amepiga magoti walidhani anamwamkia tena mama mkwe wake, wakapiga vigelegele.